Namba za Nyuma ya Mlango

Tatu alinipigia simu nikiwa nimeinama mezani kwangu hapa Tabora, nakitafuta kiskrubu cha saa kilichorukia nisikokujua. Zaidi ya miaka thelathini ilikuwa imepita bila kuisikia sauti yake, na yeye sasa ni bibi mwenye wajukuu, lakini alipoanza kusema bila hata salamu nilijua ni nani, kwa maana Tatu hakuwahi kuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. "Fundi, dada ametutoka," akasema. "Wiki ya pili hii. Siku ya arobaini tunasoma hitima, na wewe uje. Safari hii uje! Kuna kitu chako huku." Nikamwambia pole, nikamwambia nitaangalia nafasi. "Nafasi gani?" akaniuliza. "Umeangalia nafasi tangu tukiwa vijana." Akakata simu. Dada aliyemsema ni Bi Mwamini, mwenye nyumba niliyopanga Ujiji mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na minne. Nilikaa na mikono juu ya meza, saa ya mteja iko wazi mbele yangu, na sikuigusa tena siku ile.

Ya kijijini kwetu Simbo sitayasimulia hapa, hayana kazi katika habari hii. Itoshe kusema kwamba niliingia Ujiji na boksi la vifaa vya kutengenezea saa, godoro moja na taa ya chemli, nikapata chumba cha mbele kwenye nyumba ya korido, mtaa wa Kasingirima. Chumba kilikuwa na dirisha moja la mbao lililotazama barabarani, na ukilifungua vumbi linakuja kukusalimia kabla ya mtu. Mchana nilikaa na kimeza changu kwenye kibaraza cha duka la nguo karibu na soko. Jioni nilirudi, nikajifungia, nikasikiliza watu wengine wakiishi. Hakuna upweke kama wa mpangaji asiye na mwenyeji. Unasikia vijiko vya watu, unasikia mtoto wa jirani akikatazwa kitu, unasikia wimbo wa redio ukikatwa katikati, na hakuna hata mmoja anayeuliza kama umerudi. Kuna siku nilikohoa kwa makusudi ili nisikie sauti ya mtu chumbani mwangu. Nacheka sasa, lakini siku ile sikucheka.

Chumba kilichokabiliana na changu kilikuwa cha Bi Mwamini na mumewe, Mzee Idi. Walikuwa Wamanyema wa Ujiji, wazee wao walitoka ng'ambo ya ziwa zamani sana, na hawakujaliwa mtoto. Mzee Idi alichukua dagaa na mawese mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha mizigo, akayapeleka Kasulu na vijiji vya juu kwa pikipiki ya Kitaliano aliyouziwa na Mtaliano mmoja aliyekuja kujenga barabara kisha akarudi kwao. Ilikuwa nyekundu iliyopauka, ina tangi kubwa, na mlio wake ulikuwa mzito, wa kukohoa, si kama wa hizi za siku hizi zinazolia kama nyuki. Mbele ya usukani palikuwa na mita mbili za duara. Ya kulia ilionyesha mzunguko wa injini. Ya kushoto ilionyesha mwendo, na chini ya mshale wake palikuwa na kidirisha chembamba chenye namba tano za kuhesabu kilomita ilizokwisha kutembea. Kila jioni mzee akirudi safari, alipitiliza moja kwa moja chumbani, na kutoka kule ndani nilimsikia akitaja namba moja moja, polepole, na mkewe akizirudia, na kitu kikigonga gonga ubao, kisha wote wawili wakicheka. Nilidhani wanacheza karata. Nilikuwa nalala chali kitandani nikiwasikiliza na kuwaonea wivu, Mungu anisamehe, wivu kabisa.

Miezi miwili baada ya mimi kuhamia, Mzee Idi alipata homa ya siku nne, ya tano akafariki. Wakaja watu, wakaenda watu, na Bi Mwamini akaingia eda. Mimi ni Mkristo, sikuyajua mambo hayo, Tatu ndiye aliyenieleza. Alikuwa mdogo wake, binti mkubwa wa rika langu, aliyekuja kukaa naye. Miezi minne na siku kumi dada yake asingetoka nje ya nyumba, asingejipamba, asingekaa ana kwa ana na mwanamume asiye maharimu yake. Mlango wake ukabaki wazi mchana kutwa na pazia la kitenge cha rangi ya kahawia likashushwa. Wiki ya kwanza nilipita koridoni kwa kunyata kama mwizi. Wiki ya pili nilikuwa naingia kutoka kibarazani, jua kali, nikasikia sauti nyuma ya pazia.

"Mwidiwe, fundi!" Alinisalimu kwa Kiha, lugha ya kwetu, kwa utani, maana Kiha chake kilikuwa hichohicho kimoja.

"Mwidiwe, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado, mama. Nitakula."

"Utakula lini? Saa nane hii! Mwanamume mzima anatembea na tumbo tupu katika nyumba yangu, watu watasema nini? Tatu! Mtolee mwenzio."

Tatu akaniletea sahani ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa buluu uliobanduka upande mmoja. Ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, migebuka wa mawese. Nilikaa kizingitini pa chumba changu, Tatu akakaa katikati ya korido akichambua mchele, na Bi Mwamini akawa anakula upande wake wa pazia. Tangu siku ile ikawa ndiyo desturi. Yeye alinilisha, na mimi nikawa macho yake. Hakuweza kutoka, basi alitaka kujua kila kitu: ziwa limeamkaje, mitumbwi imeleta nini, mashua ya Kagunga imefika au bado, ni nani ameolewa, yule muuza vitumbua mwenye mdomo bado anagombana na wateja? Nilianza kuangalia mambo njiani ili niwe na la kumpelekea. Mimi niliyekuwa napita sokoni nikitazama vidole vya miguu yangu, nikawa nasimama, nasikiliza, nakariri. Siku nikikosa habari nilizitunga, na yeye alijua. "Hiyo umeitia chumvi," angesema, "lakini endelea, ni tamu." Nasema kweli, niliishi kwa ajili ya ile nusu saa ya mchana. Nilikuwa nampenda kama mtu anavyompenda mama, wala sikuwahi kumwona vizuri uso; hata kabla ya eda nilimpita koridoni nimeinamisha macho, na kodi aliipokea mzee.

Eda ilipokaribia nusu, alikuja Hamisi, mdogo wake marehemu, kutoka Kagunga, kuitazama pikipiki. Ilikuwa imekaa uani chini ya turubai lenye matundu, na mvua ilikuwa imeipata. Wenyewe walikwisha kubaliana kwamba pikipiki ataichukua yeye eda ikiisha. Bi Mwamini alitaka kitu kimoja tu, ile mita ya kushoto. Hamisi alizifungua zote mbili kwa spana akaja kunikabidhi mlangoni. "Shemeji anasema uzisafishe, namba zionekane," akaniambia. "Hii ya injini nitaondoka nayo. Ile nyingine ni yake, sijui ataifanyia nini, wanawake bwana." Kioo cha ile mita kilikuwa na ufa, na ndani ukungu umetanda, umekuwa wa maziwa, huoni kitu. Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Fundi, utaweza?" Nikasema nitaweza, tena kabla hujatoka ndani utakuwa nayo mkononi. Nilikuwa sijawahi kufungua mita ya pikipiki maishani mwangu.

Kazi ile niliifanyia chumbani, dirisha wazi. Pete ya chuma iliyobana kioo ilikuwa imekunjwa kiwandani ili isifunguliwe na mtu yeyote, nami niliikunjua kwa bisibisi butu, kidogo kidogo, siku mbili nzima, maana ikipasuka hakuna duka la kwenda kununua nyingine. Ndani nilikuta sisimizi waliokauka, grisi iliyogeuka gundi, na katikati yake kamba nyembamba ya chuma iliyojiviringa, ileile ninayoijua mimi, ya saa. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Kioo kipya nilikikata kutoka kwenye fremu ya picha, kwa mkasi, ndani ya beseni la maji, kwa sababu kioo kikiwa majini hukatika kwa mkasi bila kuruka vipande. Tatu aliposhuhudia akapiga kelele, "Dada, fundi anakata kioo kama kitambaa! Huyu mchawi!" Na dada akajibu kutoka ndani, "Mchawi gani anayesahau kula?" Mshale ulikuwa umepoteza rangi. Nikauliza kama nyumbani kuna rangi yoyote nyekundu, na Tatu akaniletea kichupa cha rangi ya kucha. Kilikuwa cha Bi Mwamini, amekiweka kando kwa sababu ya eda. Nilipaka mshale wa mumewe kwa rangi ya kucha zake, kwa njiti ya kiberiti, nikishikilia pumzi.

Sasa nifike pale ninapopakwepa. Mzee aliyenifundisha ufundi, pale Mwanga karibu na Ujiji, alikuwa na sheria moja iliyozidi nyingine zote: saa ikitoka mkononi mwako, mrudishie mwenyewe ikiwa imesimama kwenye saa sita kamili, mishale yote miwili juu. Ndiyo sahihi ya fundi. Mteja anaiona, anajua imefunguliwa, imesafishwa, imezaliwa upya. Nilikuwa nimefanya hivyo kwa saa za wateja wengi mpaka mikono yangu haikuniuliza tena. Ili kusafisha zile namba za kilomita ilibidi nichomoe kijiti kinachozishika, na ukikichomoa, zile pete tano ndogo zenye namba zinakumwagikia mezani kama shanga. Nilizisugua moja moja kwa mafuta ya taa, zikawa nyeusi tii na namba nyeupe pee. Kisha nikazirudisha kwenye kijiti, nikazipanga vizuri. Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Nikaiweka dirishani nikaitazama. Wallahi, ilipendeza. Nilijisifu kwa sauti.

Siku hiyohiyo, baada ya alasiri, walikuja wanawake wawili wa mtaani kumtazama Bi Mwamini. Kuta za nyumba zile hazifiki darini, ukisema chumba hiki unasikika kile. Nikasikia mmoja akimuuliza kwa nini anaiacha pikipiki nzima iende anashikilia kidude kimoja. Bi Mwamini akamjibu. "Idi hakuniachia mtoto," akasema. "Hakuniachia picha, hakupenda kupigwa picha yule. Ameniachia namba. Kila alikokwenda kumo mle, Kasulu yote, mabonde yote, mvua aliyonyeshewa, kumo mle. Nikiishika nimemshika." Akasikika akipenga kamasi. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, ile mita iko mapajani mwangu, inang'aa, na ndani yake hakuna safari hata moja.

Nilijaribu kukumbuka. Nilipokuwa nachomoa kijiti niliziona zile namba, hakika niliziona, lakini fundi hutazama uchafu, hatazami namba. Nilikumbuka sita mwanzoni, na nne baada yake. Zilizobaki zilikuwa giza. Suluhisho lilikuwa hatua nne kutoka nilipokaa: kuvuka korido, kusimama mbele ya pazia na kusema, mama, nimekosea. Nilisimama. Nilifika hata kizingitini. Tatu akaniona, akasema, "Vipi fundi, mbona umepauka? Unatafuta nini?" Nikasema natafuta maji. Niliogopa, basi. Si kwamba angenitukana, hakuwa mtu wa matusi. Niliogopa kwamba kesho saa nane nitapita koridoni na hakuna atakayeniuliza kama nimekula. Nikarudi chumbani, nikachomoa kijiti tena, nikaweka sita, nikaweka nne, na tatu za mwisho nikazitunga kama nilivyokuwa nazitunga habari za sokoni: mbili, moja, tano.

Siku aliyotoka eda, alioga, akavaa nguo mpya, pazia likapandishwa, nami nikamwona. Alikuwa mwembamba kuliko sauti yake, ana mwanya, na macho makubwa yenye huruma. Uani kulikuwa na wageni wengi na harufu ya pilau. Nilimkabidhi mita kwa mikono miwili, nimeifunga katika kitambaa cheupe. Akaifungua. Akaitazama muda mrefu, akapitisha kidole juu ya kioo, pale kwenye kidirisha, namba kwa namba, midomo yake inacheza. Kisha akaniinulia macho.

"Umeisafisha vizuri, mwanangu. Na mshale umependeza."

"Asante, mama."

"Namba umezikuta hivihivi?"

Wageni walikuwa wanacheka uani. Ningeweza kusema chochote. "Ndiyo, mama," nikasema. "Hivihivi."

"Haya," akasema. Akaifunga tena katika kitambaa. "Nenda ukale."

Sikula. Kuanzia siku ile kila sahani aliyonipa niliirudisha na nusu ya chakula, na hakuacha kunipa. Sasa alikaa nami koridoni bila pazia, akiniuliza habari za ziwa kama kawaida, na mimi nilikosa hata za kutunga. Mara nyingine alinitazama kama anayesubiri mtu amalize sentensi. Nilikuwa naona ananihukumu. Haukwisha mwezi nikasema nimepata kazi Tabora, uongo wa pili, nikapanda treni na boksi langu. Salamu zake zilinifuata miaka mingi kwa midomo ya wasafiri: mwambieni fundi sahani yake ipo. Sikujibu hata moja. Nilioa, mke wangu akatangulia mbele ya haki, watoto wakaenda zao, na leo hii nakula mezani peke yangu. Nikipiga hesabu ya upweke wangu wote, mwingi nilijitengenezea mwenyewe, kwa vidole hivi hivi vya ufundi.

Basi nikaenda arobaini. Treni ilichelewa, nikafika Ujiji watu wameshasoma hitima na wameshakula, uani wamebaki wanawake wakiosha masufuria. Nyumba ni ileile, bati jipya. Tatu hakunikumbatia wala hakunilaumu. Alinitazama kichwa changu cheupe, akasema, "Umezeeka vibaya," akanishika mkono mpaka kwenye chumba cha dada yake. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikapita palipokuwa na lile pazia. Juu ya kitanda palikuwa na kile kitambaa cheupe, kimekuwa cha rangi ya chai. Tatu akaufunga mlango, nami nikauona upande wake wa ndani.

Ulikuwa umejaa namba kutoka juu hadi karibu na sakafu, za chaki na za mkaa, mstari chini ya mstari. Za juu zilikuwa mbovu, nne imegeukia kushoto, tisa imelala. Kadiri ulivyoshuka ziliimarika. "Dada hakusoma," Tatu akasema. "Shemeji ndiye aliyemfundisha tarakimu, kwa mita ile. Kila akirudi anamtajia, yeye anaandika. Hukuwasikia?" Niliwasikia. Niliwasikia kila jioni nikidhani ni karata. Hata siku ya safari ya mwisho ya Mzee Idi nilikuwa nimelala chali chumba cha pili, namba yote ikapita masikioni mwangu. Na ilikuwa pale mlangoni, mstari wa mwisho wa chaki: sita, nne, tisa, sifuri, saba. Miezi yote ile ilikuwa hatua nne kutoka kitandani kwangu.

"Kwa hiyo alijua," nikasema.

"Alijua palepale. Wageni walipoondoka alicheka, halafu akalia, halafu akacheka tena. Mimi nilitaka kuja kukutia adabu. Akanikataza. Akasema, kijana ameogopa, mwache, atakuja kuniambia mwenyewe. Kuuliza si ujinga, fundi! Ungeuliza tu, angekusomea." Akainama kwa taabu, mkono kiunoni, akanionyesha chini ya ule mstari wa mwisho. Kwa mkaa, kwa mwandiko uliokomaa, kulikuwa na sita, nne, mbili, moja, tano. "Hii ni yako. Aliiandika ulipopanda treni. Nikamwambia, dada, hiyo ni ya uongo, na tena inarudi nyuma. Akasema hii ni safari ya fundi, bado hajarudi."

Nilikaa sakafuni. Fundi wa saa hatembei bila bisibisi, na kikioo changu cha jichoni kilikuwa mfukoni. Pete ya chuma ilikuwa na kutu, lakini niliikunjua. Mshale ulikuwa bado mwekundu. Nilichomoa kijiti, nikazipanga upya, macho yangu yakitoka mkononi kwenda mlangoni, namba kwa namba, nikakirudisha. Tatu alikuwa amechukua kipande cha mkaa kutoka jikoni, amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango. "Haya," akasema, "taja."

"Sita," nikasema. "Nne. Tisa. Sifuri." Tatu akasubiri, mkaa umegusa ubao. "Saba."

Akaandika. Kisha nikasema, nikiwa nautazama ule mlango wala simtazami yeye, "Mama, sikuzikuta hivihivi. Nilizivuruga mimi." Nilisema kwa sauti kubwa, kama mtu anayesemea upande wa pili wa pazia. Nje mtu aliangusha sufuria.

Tatu akajipangusa mkaa kwenye khanga, akanyanyuka akatoka. Aliporudi alikuwa na sahani ya bati, nyeupe, ukingo wa buluu umebaki kidogo tu. Nikaichukua nikatoka nayo koridoni, nikakaa kwenye kizingiti cha kile chumba changu cha zamani, uso umeelekea mlango wake, nikala yote.